Harufu ya Mchumba kwenye Gauni la Mama

Kipua alikuwa na mazoea ya kupiga pasi huku akiimba, na mchana ule wimbo ulimkatikia kooni katikati ya neno.

Gauni lililokuwa mezani lilikuwa la mama yake, lile la kijani la mikono mirefu. Mama mwenyewe alilifua kwa mkono, akalisuuza na kulisuuza tena, akalianika chumbani badala ya uani, kisha akalikunja na kulitia kabatini bila pasi. Hilo peke yake lingemshangaza mtu yeyote. Mama Dobi mzima, mwenye duka la kufua na kupiga pasi, avae gauni lililokunjamana kama uso wa aliyeamshwa usingizini? Kipua alilitoa kabatini kwa wema tu, apate kumfurahisha mzazi wake. Wema ndio uliomponza.

Alipolibonyeza begani kwa pasi, mvuke mweupe ukapanda, na ndani ya mvuke akapanda mwanamume.

Si mzima, msiogope. Harufu yake tu. Lakini harufu ikishakuwa ya mtu unayempenda, tofauti ni ndogo.

Watu wa pasi wanalijua jambo hili na hulinyamazia. Sabuni huondoa doa, ila manukato mazuri hujificha ndani ya uzi, yakatulia humo kama mgeni anayengoja wenye nyumba walale. Yakiguswa na joto hutoka yote pamoja, na siri zake. Kipua alikuwa amekwisha kunusa ndoa za watu wengi namna hiyo, akazikunja vizuri na kuwarudishia wenyewe. Hakutegemea kunusa ya kwake.

Maana manukato yale alikuwa ameyanunua yeye. Alikwenda kwa mchanganyaji manukato wa mtaa wa nyuma, bwana mmoja mwenye vidole vya manjano na sauti ya kubembeleza, akamwambia anataka kitu cha kumpa mchumba wake, kisichofanana na cha mtu mwingine.

"Hii haina pacha," yule bwana alimwapia, akajipaka kidogo kwenye kifundo cha mkono. "Manukato ya kiume, binti, yana milango. Huu wa mbele ni ndimu na tangawizi, wa kusalimia tu. Nyuma yake kuna karafuu. Halafu kuna mlango wa ndani: mti wa sandali, tumbaku, na asali kwa mbali. Huo hauji upesi. Mpaka ngozi ipate joto, na mwenyewe atulie."

"Na ukishafika?"

"Ukishafika ndio unaokaa."

Kipua alisimama pale akipiga soga mpaka mlango wa ndani ukafunguka kwenye mkono wa yule bwana, akaunusa, akanunua.

Sasa ulikuwa begani kwa mama yake. Tumbaku, sandali, asali kwa mbali. Na hapo ndipo alipoanza kupiga hesabu. Salamu ya mkono haiachi sandali begani. Kukumbatiana kwa kuagana, kule kwa haraka haraka, kunaacha ndimu, basi. Ili begani pabaki asali, lazima shavu lilale pale, litulie, lisahau kuondoka.

Shavu la Fundi Kufuli, mchumba wake? Kwa mama yake?

Shetani alimletea wazo, Kipua akalikanyaga kwa kisigino. Shetani akamletea jingine, lenye sura nzuri kidogo: labda mchumba wake alikwenda kwa siri kumlilia mama apate ridhaa. Maana Mama Dobi alikuwa amekataa katakata. "Mtu ambaye kazi yake ni kufungua milango ya watu," alisema siku ya posa, "wa kwake atautambuaje?" Wageni wakacheka, wakadhani ni mzaha, kumbe ndio jibu lenyewe. Tangu hapo hakutaja sababu nyingine. Kipua alikuwa amelia mpaka macho yakawa kama vifungo.

Lakini mtu anayekwenda kulia kwa mamkwe, mbona asimwambie mchumba wake? Na mama aliyeliliwa, mbona alifiche gauni?

Akamwita Fundi Kufuli aje dukani upesi.

Alikuja na mkoba wake wa vifaa begani, kijana mrefu mwenye masikio makubwa na macho ambayo, yakimwangalia Kipua, husahau kupepesa.

"Umeniita mbio hivi, kuna kufuli limeleta ukorofi?"

"Lipo. Ingia."

Alimsogelea kama anayetaka kumfuta vumbi, akavuta pumzi. Ndimu kidogo kwenye mfuko wa shati. Shingoni, hakuna kitu.

"Unaninusa?"

"Nakusalimia."

"Salamu gani hiyo ya puani?"

"Ya kwetu. Vua shati."

Fundi Kufuli akageuka kuutazama mlango wa mbele, ambao wote ulikuwa kioo. "Hapa? Mchana huu? Mama akinikuta..."

"Mama hayupo. Amekwenda kumtazama mgonjwa."

Siku hizo Mama Dobi alikuwa na wagonjwa wengi kuliko hospitali. Na kila mgonjwa alikwenda kumtazama na hereni masikioni.

Kijana alivua shati, akabaki kifua wazi, amejikumbatia kama kuku aliyenyonyolewa. Kipua alilitandaza mezani, akaikandamiza pasi kwenye kola. Mvuke ukapanda. Sabuni ya kipande. Oili ya mashine. Chuma.

"Kola haina kitu," alisema.

"Ni safi. Nimelivaa leo."

"Sijasema ni chafu. Nimesema haina kitu. Manukato niliyokupa unayapaka wapi?"

"Shingoni."

"Shingo ya nani?"

Fundi Kufuli akajishika shingo.

"Chupa iko wapi?"

"Nyumbani."

"Twende tukaione."

"Imeisha."

"Imeisha, au iko nyumbani?"

"Iko nyumbani, ila imeisha."

"Basi na wewe uko hapa, ila umeisha." Alilinyanyua gauni la kijani, akamsukumia usoni. "Nusa. Hapo begani."

Akanusa. Kipua alimtazama kwa makini, kama anayetazama kitambaa kuona kama kitaungua. Alitegemea hofu. Alitegemea aibu. Alichokiona ni mtu anayebana kicheko, na hilo lilimwunguza kuliko pasi.

"Unacheka?"

"Sicheki."

"Meno hayo ni ya nini?"

"Mpenzi, nisikilize..."

"Ulimkumbatia mama yangu?"

"Mimi? Mama yako?" Kicheko kilimtoroka. "Mama yako hata mkono hanipi! Ananipa vidole viwili, kama anayeshika mkia wa panya!"

"Basi hii imefikaje?"

Kijana alijiketisha juu ya kapu la nguo chafu. Akajikuna sikio. Alipoanza kusema, alisema akiangalia sakafu.

"Manukato yako hayanipendi."

"Nini?"

"Nikijipaka, mwanzo ni mazuri. Ndimu, tangawizi, najiona bwana harusi. Ikiisha ile ndimu, yanageuka. Sijui ngozi yangu ina nini. Kuna mteja aliniita nikamfungulie mlango. Nimemaliza mlango, yeye akafungua na madirisha yote, akaniuliza nimepuliza dawa ya mende."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Siku ile unanipa, ulikuwa unacheka peke yako kwa furaha. Nikawa napuliza kidogo mfukoni nikija kwako, ili usikose kitu."

"Na yaliyobaki?"

"Nilimpa baba."

Pasi ilikuwa inakoroma peke yake. Kipua akaiinua kabla haijaacha alama.

Baba yake kijana alikuwa Fundi Saa, mgane mpole ambaye siku nzima huinamia mashine ndogo kuliko ukucha, na kioo kimembana jichoni. Hana maneno. Ukimsalimu, jibu lake hukufika umekwisha pita.

"Kwake yalikaa," Fundi Kufuli aliendelea. "Usingeamini. Mimi dawa ya mende, yeye asali. Akaanza kunyoa ndevu vizuri, akanunua soksi..."

"Baba yako sasa hivi yuko wapi?"

"Sasa hivi? Ah, ametoka kidogo."

"Kwenda wapi?"

Akasita. "Kumtazama mgonjwa."

Wakatazamana.

Ilikuwa rahisi kucheka hapo, na Kipua nusura acheke. Lakini alikuwa ametazama uso wa mchumba wake tangu alipoingia, akitafuta uongo, na mtu akishatia macho yake kazi hiyo hawezi kuyaambia yapumzike. Uso ule haukushtuka. Mtu anayegundua jambo papo hapo hushtuka.

"Ulijua," alisema.

Fundi Kufuli akajikuna sikio tena.

"Ulijua kwamba ni baba yako na mama yangu."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hatujaja kuposa."

Kipua aliushika ubao wa meza kwa mikono miwili. "Kwa hiyo mama alipotukataa, ulijua kwa nini amekataa. Anaogopa yeye na baba yako wakishakuwa wakwe hawataweza tena kuoana. Ulijua. Ukaniacha nalia. Nakuuliza, 'Kosa langu ni lipi? Mama amekuonea nini?' Na wewe unanipa leso! Unanifuta machozi na unayajua yanakotoka!"

"Siri haikuwa yangu."

"Machozi yalikuwa yangu!"

"Baba alinishika mkono," kijana alisema, na sauti yake ikawa ndogo. "Yule mtu hajawahi kunishika mkono tangu mama afariki. Akaniambia, 'Ukisema, atakimbia, na mimi sina mwingine.' Nikawaza, nikisema nitamvunja. Nikinyamaza nitakukosa. Nikanyamaza, nikawa naomba litokee jambo lolote."

"Limetokea," alisema Kipua. Akavua pete ya uchumba, akaiweka mezani kando ya shati. "Mtu aliyevumilia dawa ya mende shingoni akanichekea, akajua ya mama yangu akanichekea, nitajuaje siku akiwa ananichekea kweli?"

Hakupata kujibiwa. Mlango wa kioo ulifunguka, na Mama Dobi akaingia na hereni zake. Alimwona binti yake ana macho mekundu, akamwona Fundi Kufuli kifua wazi juu ya kapu, akapiga makofi ya mwanamke aliyethibitishiwa.

"Nilijua! Sikusema mimi? Huyu ni wa kufungua tu, kufunga hajui!"

"Shikamoo mama," alisema kijana, akitafuta shati.

"Shikamoo yako ivalishe nguo kwanza!"

"Mama," Kipua akaingilia, mpole kama maji ya mtungini, "mgonjwa hajambo?"

"Eh? Hajambo kidogo."

"Anaumwa nini?"

"Mguu."

"Shavu halimwumi? Maana naona alilipumzisha."

Hapo ndipo Mama Dobi alipoliona gauni la kijani mezani. Upande mmoja ulikuwa umenyooka kama karatasi. Alitazama pasi, akatazama bega la gauni, akamtazama binti yake ambaye tangu utotoni aliitwa Kipua na si bure. Miaka yote ile kwenye kazi ya nguo, na alikuwa amesahau kwamba kuna mtu nyumbani anaweza kumfanyia wema.

"Nani alikutuma ulipige pasi?"

"Nilitaka upendeze."

Mama Dobi alikaa. Hakutazama kama kuna kiti, ila kwa bahati kilikuwepo.

"Nilikuwa nangoja mchoke," alisema. "Vijana huchoka wenyewe. Nikasema, nikikataa kidogo, watagombana, kila mtu ataenda zake, na mimi sitakuwa nimemdhuru mtu."

"Hatukuchoka."

"Nimeona. Mna roho ngumu nyote wawili." Akaanza kuzivua hereni, moja, halafu ya pili, akazifumbata kiganjani. "Basi. Olewa wewe. Mchukue huyu mwenye masikio. Mimi nilishapata wangu mmoja, alikuwa mtu mwema, nikamzalia wewe. Mama mtu mzima nianze kutaka wa pili, tena baba wa mkwe wangu? Watu wangecheka mpaka wakae chini."

Wakati huo mtu mwingine alikuwa amesimama mlangoni, na mwavuli wa Mama Dobi mkononi, ule aliousahau kwa mgonjwa. Kipua hakuhitaji kugeuka. Harufu ilimtangulia: sandali, tumbaku, asali kwa mbali, imetulia kwenye ngozi yake kana kwamba ilikuwa inamtafuta tangu ilipochanganywa.

"Shikamoo baba," alisema, bado amempa mgongo.

"Marahaba, mwanangu," akajibu Fundi Saa. Kisha, kwa mtu asiye na maneno, akasema jambo la ajabu. "Mimi sijaulizwa."

"Hujaulizwa nini?" Mama Dobi akang'aka. "Nenda nyumbani!"

"Kama nataka kuachwa." Aliuegemeza mwavuli ukutani taratibu, akamgeukia Kipua. "Mama yako hana kaka, hana mjomba aliye hai. Nimetafuta mtu wa kwenda kumposa kwake, nimemwona mmoja tu. Ni wewe. Nimechelewa kuja kwa sababu nilikuogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Wanasema una pua."

Kipua hakujua acheke au alie, akafanya yote mawili, ikatoka kama kikohozi. "Baba, watu watacheka."

"Wacheke. Nimekaa na saa za watu maisha yangu yote. Sijaona iliyosimama kwa sababu ya kicheko."

"Na huyu mwanao nimwite kaka?"

"Mwite unavyomwita."

"Kwa sasa namwita mwongo."

Fundi Saa akamtazama mwanawe aliyekuwa amekwama na mkono mmoja ndani ya shati. "Uongo ule ni wangu," alisema. "Yeye aliubeba tu. Nilimtwika bila kumwuliza kama ana mgongo wa kutosha. Nisamehe, mwanangu." Na haikujulikana anamwambia nani kati ya wale wawili.

Kipua alimwangalia mama yake. Mama Dobi alikuwa anamtazama Fundi Saa, na usoni kwake hapakuwa na ukali wowote wa kaunta, hapakuwa na wateja, hapakuwa na nguo zilizochelewa. Palikuwa na msichana. Kipua hakuwahi kukutana naye kabla, na ghafla akaona haya, kama aliyefungua mlango bila kubisha.

"Mimi simjibii," alisema. "Mdomo anao. Yeye aliponijibia mimi, tuliona yaliyotokea. Mama, unamtaka?"

"Mtoto gani anamwuliza mama yake hivyo!"

"Aliyenyimwa mume. Unamtaka, humtaki?"

Mama Dobi akalivuta gauni la kijani, akaanza kulikunja, akalikunja vibaya, akalikunjua. "Ndiyo," aliliambia gauni. Halafu akainua kichwa na sauti ya dukani ikamrudia. "Na wewe mchukue wako. Lakini mimi kwanza! Sitaki ionekane nimefuata mkumbo wa watoto."

Akatoka nje na hereni mkononi, Fundi Saa nyuma yake. Kupitia kioo walionekana wamesimama barazani, hawagusani, wanabishana kuhusu jambo fulani kwa furaha kubwa.

Ndani walibaki wawili na pete katikati yao mezani. Fundi Kufuli alikuwa amevaa shati, hajafunga vifungo. Hakuthubutu kuigusa pete.

"Kuna kingine?" Kipua akauliza.

"Kingine nini?"

"Unachokivumilia kwa ajili yangu. Kitoe sasa. Nikija kukigundua mwenyewe, sitakuita tena dukani."

Akafikiri. Alifikiri muda mrefu mpaka Kipua akaanza kuogopa.

"Wanga," alisema hatimaye.

"Wanga gani?"

"Unaotia kwenye kola zangu. Unatia mwingi mno. Zinanikata." Akageuza shingo, na kweli, palikuwa na mstari mwekundu chini ya sikio. "Nilisema ndio mapenzi yenyewe."

"Mapenzi yanakukata shingo na umenyamaza?"

"Sasa nimesema."

Kipua akasogea apate kuutazama ule mstari. Akasogea tena. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane hapakuwa na ndimu ya mfukoni kumziba, wala mvuke. Ilikuwa ngozi tu: chuma, sabuni ya kipande, jasho la mtu aliyeitwa akaja mbio, na chini ya hayo kitu ambacho mchanganyaji manukato hana chupa yake. Alivuta pumzi polepole. Akavuta tena.

"Hii ni nini?" aliuliza.

"Ipi?"

"Hii. Ni yako kweli, au nayo umepewa na mtu?"

"Ni yangu." Akaitazama pete. "Hakuna aliyewahi kuitaka."

"Mimi naitaka," alisema Kipua, akamnyooshea kidole akivishe pete, huku akiendelea kumtazama kwa jicho moja la kumpima.